Walioibeba Piano ya Iringa

Ijumaa moja ya mwaka 1976, Damari alishuka kwenye basi la Mbeya hapo stendi ya Iringa, akiwa amekipakata kipima sauti chake cha umeme. Kilikuwa sanduku la kijivu lenye kioo. Ukigonga noti, taa nyekundu huzunguka kiooni. Uzi ukikaa sawasawa, taa husimama. Kuanzia Tukuyu hadi Iringa hakuna mwingine aliyekuwa nacho, wala mwanamke mwingine aliyeitwa fundi wa piano bila mtu kucheka.

Mkuu wa chuo kilichomwita, Bwana Kalinga, alimpeleka ukumbini na kumwomba amalize kabla ya saa nane. Mahafali yalikuwa saa tisa.

Damari akafungua piano, akachomeka waya ukutani, akaanza. Taa ziliposimama kwa noti ya kwanza, mwanamume mmoja alitoka nyuma ya piano, peku, bega limechubuka, akaketi kwenye benchi. Noti ya tatu ikamtoa mwingine. Damari hakuacha kazi. Noti ni themanini na nane na muda ulikuwa mdogo. Nyingi zilitoa vumbi tu. Hata hivyo, ilipotimu saa sita walikuwa wameketi wanaume kumi na sita, wakipokezana kopo la maji aliyowachotea.

Wa mwisho alikuwa na masikio ya baba yake Damari.

"Wewe wa kwa nani?" aliuliza kwa Kinyakyusa.

"Wa Yotamu. Yotamu wa Isakwisa."

"Isakwisa ndiye mimi."

Damari akaweka chini ufunguo wa kukazia nyuzi, akapiga magoti, akamwamkia. "Babu, nyumbani tuliambiwa ulitupa mzigo wa Mzungu ukatoroka. Bibi alikufa na hasira zake."

"Nitoroke niende wapi? Piano hii ilinilalia pale mlimani Kitonga. Sikuiachia."

Saa nane kasorobo Bwana Kalinga alirudi, akatazama mabenchi.

"Vizuri, watu wa kubeba wapo. Isogezeni jukwaani."

"Mkuu, hawa walikufa wakiibeba."

"Basi wanaijua. Waangalie ngazi tu."

Wakainuka. Isakwisa alishika pembe ya mbele, na Damari akaingiza bega lake kando yake. Walipoitua, alizipima noti zote upya. Taa zilisimama kila mara. Hakuna uzi uliolegea hata kidogo.

Viti vilikuwa vya wageni, kwa hiyo wale kumi na sita walisimama nyuma karibu na mlango, na Damari akasimama nao. Bwana Kalinga alisoma hotuba. Alimshukuru marehemu mchungaji mmoja kutoka Ulaya, aliyeileta piano hiyo Iringa kwa juhudi zake mwenyewe. Ukumbi ukapiga makofi.

"Anasemaje?" Isakwisa aliuliza.

Damari akamtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza.

"Yeye tulimbeba kwa machela," Isakwisa alisema.

Kisha mwanafunzi mmoja wa kike akaketi kwenye piano akaanza kupiga, na sauti ikatoka safi, ikajaza ukumbi mpaka nje kwenye mikaratusi. Isakwisa alisikiliza, kichwa amekiinamisha.

"Aliyeitengeneza ikalia hivi ni nani?"

"Ni mimi, babu."

Isakwisa akapita kwa wenzake, akimgusa kila mmoja begani, upande usio na kidonda, akamwonyesha Damari kwa kidole.

"Yule pale," aliwaambia, "ni wa kwangu."