Jambazi wa Dirisha la Tatu

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, kulipambazuka na manyunyu mepesi, yale yanayolowesha mabega bila kumfanya mtu atafute mwavuli. Kinyozi alifungua duka lake mapema, akatandika godoro upande wa kushoto wa kiti cha wateja, akalipigapiga kutoa vumbi, kisha akachomeka mashine ya kunyolea. Wembe alikuwa ameuacha siku nyingi. Mtu anayeuawa ovyo ovyo kutwa nzima hapaswi kushika wembe shingoni mwa mwenzake.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa teksi.

"Leo si unamwoza binti?" aliuliza. "Unafanya nini hapa?"

"Harusi ni saa nne. Kichwa chako ni cha dakika kumi."

"Kumi ukinyoa tu. Na ukifa je?"

"Nikifa, kumi na mbili."

Alikufa mara moja tu, akiwa amefika nyuma ya sikio. Alishika kifua, akazunguka, akaita "Mama!" na kuangukia godoroni kwa ubavu wa kushoto. Dereva alivuta mguu kumpisha, akafungua ukurasa wa michezo. Kinyozi aliinuka, akajikung'uta nywele, akamalizia sikio.

Mambo haya yalianza miaka mitatu nyuma, kampuni moja ilipokodi hoteli iliyofungwa mtaa wa pili na kuleta taa na kamera. Ilikuwa inatengeneza mchezo wa kuchezea nyumbani kwenye televisheni, wa namna mpya. Badala ya vikatuni vya kuchorwa, watu wenyewe, wenye nyama na jasho, wangetokea kwenye kioo, na mchezaji angewapiga kwa bastola ya plastiki akiwa amekaa kwenye kochi lake. Majambazi waliokotwa mtaani. Shujaa hakutafutwa, kwa sababu shujaa ni yule wa kwenye kochi, na uso wake hauonekani kamwe.

Muongozaji alimtazama kinyozi kwa makini, akasema, "Uso wako unafaa." Hakueleza unafaa nini.

Walimsimamisha kwenye dirisha la tatu, wakampiga vipande vitatu vya filamu. Katika kipande cha kwanza mchezaji amelenga vizuri, na jambazi anashika kifua, anazunguka, anaita mama yake na kuanguka kushoto. Katika cha pili mchezaji amekosa, na jambazi anacheka kicheko kirefu cha majivuno, kinachoishia kwenye kikohozi. Kikohozi hakikupangwa; kililetwa na vumbi la hoteli, lakini muongozaji alikipenda akakiacha. Katika cha tatu jambazi anaweka bunduki chini, anavua kofia na kwenda nyumbani kwa mwanawe.

Hicho cha tatu ndicho kilichomfanya kinyozi akubali kazi. Muongozaji alimwahidi, wakiwa wawili tu nyuma ya pazia, kwamba mchezo ungeishia hapo. Kinyozi alirudi nyumbani akamwambia binti yake, ambaye wakati huo alikuwa anasomea unesi, "Wewe ngoja uone. Mwisho baba anarudi."

Mchezo ulitoka, kipande cha tatu hakikuwamo. Binti aliipigia simu kampuni. Msichana wa mapokezi alimjibu kwa adabu kwamba diski haikuwa na nafasi, kwamba mchezo unapendwa sana, na kwamba awe na siku njema.

Wiki hiyohiyo kinyozi alianza kuanguka. Kila alipotokea mtu, popote duniani, akampiga jambazi wa dirisha la tatu, kinyozi alianguka palepale alipo. Aliyemkosa, alimchekesha. Mama yake mzazi, alipokuwa bado hai, aliitika kila alipoitwa: "Nipo!" Siku za sikukuu, watoto wa dunia nzima wanapopewa zawadi, sauti ilimkauka. Muuza magazeti, aliyekuwa jambazi wa mlangoni, alihamia mji mwingine. Inasemekana na huko anaanguka.

Mtaa ulizoea. Benki, watu walimwachia kinyozi nafasi upande wa kushoto. Sokoni, wauza mayai walimwomba apite upande wa pili, naye alipita. Kuanguka, kwa kweli, hakukumgombanisha na mtu. Kilichomgombanisha ni kicheko.

Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kumzika jirani, baba wa kijana anayetengeneza redio na televisheni. Jeneza lilikuwa linateremshwa. Kinyozi, aliyekuwa amesimama karibu na kaburi kama inavyompasa jirani mwema, alicheka. Alicheka hadi mwisho, kikohozi pamoja, kwa sababu kicheko hicho kikishaanza hakikatiki. Mjane alimtazama na hakumsalimia tena.

Kisha mtoto wa mjane na binti wa kinyozi wakapendana. Kinyozi na mkewe walikwenda kuomba radhi. Mjane aliwakaribisha sebuleni, akawapa maji, akabaki amesimama.

"Dada yangu, lile la makaburini," kinyozi alianza, "unajua silo la moyoni. Ni ule mchezo."

"Najua ni mchezo. Nani hajui? Nauliza ulisimamaje karibu vile, siku ya Jumamosi? Jumamosi! Watoto hawaendi shule, wamelala mbele ya televisheni tangu asubuhi. Wewe mtu mzima hukulipigia hesabu hilo?"

Kinyozi alirudisha bilauri mezani. Alikuwa hajalipigia hesabu.

"Kijana wangu anampenda binti yako, nami nampenda," mjane aliendelea. "Waoane. Kuanguka uanguke, ajali haina kinga. Lakini ukicheka kile kicheko mbele yangu mara ya pili, mimi na ndugu zangu tunanyanyuka, na harusi imekwisha. Kama unaona huwezi, kaa nyumbani."

Mke wa kinyozi aliporudi na habari hizo, binti alikuwa anapiga pasi sare yake ya zahanati.

"Baba akikaa nyumbani, na mimi nitakaa nyumbani," alisema. "Nitakaa naye tu, tunywe chai."

Kijana wa mjane, yule fundi wa televisheni, ndiye aliyependekeza Jumanne asubuhi, watoto wakiwa shuleni na wakubwa kazini. Ilipangwa hivyo, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba Jumanne asubuhi ya huku ni usiku wa kwingine, na usiku ndipo wanapocheza wenye ndevu.

Mke wa kinyozi, mama wa sala, alilipeleka jambo hilo kwenye kikundi chake. Kina mama walilitafakari wakaona hivi: mume wa mwenzao akipigwa, ataanguka, na kuanguka kumeruhusiwa. Hatari ni akikoswa. Basi wakafunga wiki nzima, wakiwaombea wachezaji wote wa dunia shabaha. "Bwana, imarisha mikono yao," waliomba. "Bwana, yafungue macho yao walione dirisha la tatu." Mmoja aliomba hadi akatokwa machozi.

Walimwalika na binti. Alikaa nao, akapiga magoti nao, lakini ilipofika zamu yake alikataa.

"Samahani, kina mama. Mimi siwezi kumwomba Mungu baba yangu apigwe risasi."

"Ni za plastiki, mwanangu," walimwambia.

"Hata za plastiki."

Ndivyo ilivyofika Jumanne ya manyunyu. Dereva wa teksi, kichwa kiking'aa, alifunga godoro juu ya gari lake, akalitandikia shuka jeupe kwa heshima ya siku. Njiani walipita duka la vifaa vya umeme. Dirishani kulipangwa maboksi ya mchezo hadi juu, na kwenye kila boksi ulikuwapo uso wa kinyozi, na duara la shabaha kwenye paji. Bango lilitangaza kwamba toleo jipya limeingia, lenye picha safi zaidi.

"Hawakukutoa vizuri," alisema mkewe.

"Mwanga ulitoka upande mbaya," alisema kinyozi.

Kanisani alipewa kiti cha mwisho kushoto, godoro pembeni. Wimbo wa kwanza ulipofika ubeti wa pili alianguka, taratibu kabisa, na "Mama!" yake ikaingia vizuri ndani ya kiitikio. Mjane, upande wa pili, alitikisa kichwa kukubali. Kina mama wa kikundi walibanana mikono kwa furaha. Maombi yalikuwa yanafanya kazi.

Bwana harusi alikubali, kwa sauti. Mchungaji akamgeukia bibi harusi. Hapo kinyozi alisikia vumbi la hoteli puani, na joto la taa usoni, kama inavyokuwa sekunde chache kabla. Mkewe alimshika mkono akanong'ona, akimwambia mtu asiyemjua, "Lenga, mwanangu. Lenga vizuri."

Mtu huyo, popote alipokuwa, alikosa.

Kinyozi alicheka. Kicheko kilipanda hadi darini, kikashuka kwa majivuno yote aliyofundishwa na muongozaji, kikajaa kanisa zima. Mchungaji aliweka kidole kwenye mstari asiupoteze, akasubiri. Mwisho kilikuja kikohozi.

Mjane alisimama. Ndugu zake wakasimama, wanawake wakivaa mikoba begani. Bwana harusi alitazama viatu vyake, kisha akamtazama bibi harusi, na hakusogea.

Binti aligeuka na maua yake mkononi. Alisema kwa sauti ileile anayoitia wagonjwa zahanati, "Wamemkosa."

"Unasemaje?" aliuliza mjane.

"Wamemkosa baba. Akianguka, mama, wamempiga. Akicheka, wamemkosa. Kina mama waliomba apigwe. Mimi niliomba wamkose. Kama ni kosa, ni langu, lakini ndilo nililoomba."

Mjane alibaki na mkoba wake mkononi. Ndugu zake walimtazama wajue watoke au wakae.

"Na siku ile makaburini," alisema polepole, "alicheka."

"Alicheka, mama."

"Ina maana hata siku ile…"

"Walimkosa. Alirudi nyumbani mzima. Nilimpikia mimi."

Mjane alifikiri. Manyunyu yalisikika kidogo kwenye bati. "Basi," alisema, "siku ile hatukuondokewa na wawili."

Alitaka kuendelea, lakini kinyozi alishika kifua, akazunguka, akaita "Mama!" na kuanguka. Huyu wa sasa alikuwa na shabaha. Dereva wa teksi na bwana harusi walikwenda kumwinua, kila mmoja kwapa lake.

"Mkung'uteni na mgongo," alisema mjane, akasubiri hadi kinyozi akakaa na tai yake ikanyooshwa. Kisha akawageukia watu wote, kuanzia kina mama wa kikundi hadi ndugu zake waliokuwa bado wamesimama.

"Ninyi ni mashahidi," alisema. "Kwangu mlango hautafungwa kwa ajili ya kicheko cha mtu huyu. Acheke mezani kwangu. Acheke wajukuu wakizaliwa. Na mimi mtakaponizika, asimame mbele kabisa, hata iwe Jumamosi. Leo hii naahidi mbele za Mungu na mbele yenu: kila atakapocheka, kabla sijasema neno lingine, nitasema, 'Asante Bwana, wamemkosa.'"