Neno Nililomwambia Baba Mkwe

Kiitaliano nilijifunza nikifua nguo. Watu wakiniuliza siku hizi, husubiri nitaje chuo fulani cha Nairobi, na mimi huwaambia karai na sabuni ya mche. Kabla sijaolewa niliwafanyia kazi masista wa Kiitaliano kule Keumbu kwa miaka saba. Sista Agnese, aliyesimamia jikoni, hakuwa na subira ya kujifunza lugha ya mtu. Ukimwelewa, utakula, usipomwelewa, shauri yako. Nikamwelewa. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nikigombana naye kwa Kiitaliano juu ya chumvi, na mara nyingine nikimshinda.

Kisha nikaolewa Ekerenyo, kwa Waadventista, na lugha yangu ikakosa kazi. Mawifi walinifanya kichekesho. "Bathsheba, hebu tusemee ile lugha ya wazungu wasiojua Kiingereza," walisema tukichuma chai, nami nikisema wanavunjika mbavu. Mwaka wa tisini na tatu mume wangu Onchiri akafa kwa malaria, siku nne tu kitandani, na sikuwa nimezaa. Kicheko kikaisha, na mazungumzo nayo yakaisha. Mjane asiye na mtoto huonekana kama mgeni aliyesahau kwenda kwao. Shemeji yangu Nyangau alianza kulipima shamba langu kwa hatua, mchana peupe, mimi nikimtazama.

Aliyemzuia ni baba mkwe, Mzee Mogire. Alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba chai ile ni yangu mpaka nife. Na kila jioni, akirudisha ng'ombe, alisimama nje ya ua wangu, upande wa migomba, akanisalimu. Hakuingia. Kwetu baba hakanyagi nyumba ya mwanawe, na mkamwana hampi baba mkwe mkono. Yako mambo yasiyotajwa wala kuonwa kati yao, na heshima hiyo tunaiita chinsoni. Lakini kuongea kupitia ua hakuna ubaya, na mzee yule alijua kuongea. Aliniuliza chai ilikuwaje, akanisimulia mahubiri ya Sabato, akamsengenya Nyangau kidogo. Dakika kumi hivi. Sitaficha: siku nzima niliishi nikizingoja dakika hizo kumi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyenisemesha.

Mwaka wa tisini na sita hospitali ya misheni iliyo karibu nasi ikapata daktari wa upasuaji kutoka Italia, Daktari Renzo. Mikono hodari, lakini Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Wakatafuta mkalimani hadi Kisii mjini. Walimu hawakujua, makarani hawakujua, hata Bhupendra wa duka la vitambaa, mwenye lugha tano, akasema hiyo ya sita hana. Mwishowe mtu akamkumbuka yule mjane wa kwenye chai. Nikachukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mawifi wale wale wakaniletea watoto wao niwafundishe. Nikawaambia waje na nguo chafu.

Mzee Mogire alifurahi kunishinda mimi. "Mkamwana," akaniambia kupitia ua, "akili yako sasa ina mshahara. Nyangau hawezi kuipima kwa hatua." Tulicheka sana jioni ile.

Zilibaki siku kumi majaribio yaishe Nyangau alipomleta mzee kwa mkokoteni. Haja ndogo ilikuwa imemziba siku mbili, naye alikuwa ameficha maumivu mpaka akashindwa kusimama. Aliponiona kando ya daktari akageuza uso ukutani.

"Huyu hapana," akamwambia nesi, msichana aitwaye Lorna. "Mtoeni."

"Mzee, hakuna mwingine anayemsikia daktari."

"Basi nirudisheni nyumbani."

Nyangau alitoka nje bila kuambiwa. Mwana naye hasikilizi mambo ya mwili wa baba yake, kwa hiyo alifanya sawa, na nilimwonea wivu. Daktari alikuwa akiuliza kwa nini tunapoteza muda, figo za mzee zitakufa. Nikatoa shauri. Wavute pazia, mimi nikae upande wa pili nikiwa nimewapa mgongo. Daktari aseme nami kwa Kiitaliano, mimi nimpe Lorna kwa Kiswahili, ambacho mzee hakukijua, Lorna amwambie mzee kwa lugha yetu, Ekegusii. Mzee akakubali.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Maneno ya Kiitaliano hayakuniuma, yalikuwa ya kazi tu, kama majina ya sufuria. Mrija ukaingizwa, mkojo ukatoka, nikasikia mzee akishusha pumzi. Nilidhani tumevuka.

Ndipo daktari akaeleza upasuaji. Kuna tezi imevimba, itolewe kesho. Lakini kabla ya kutia sahihi, mzee lazima ajue kwamba baada ya hapo huenda asiweze tena kulala na mke wake kama mume. Alitaka jambo hilo lisemwe wazi. Nikampa Lorna kwa Kiswahili, na Lorna, mbele ya mtu wa rika la baba yake, akashikwa na haya.

"Daktari anasema utapumzika siku chache," akamwambia, "halafu utakuwa na nguvu zako kama zamani."

"Kama zamani?" Sauti ya mzee ilichangamka. "Lete kalamu."

Nikangoja Lorna ajisahihishe. Hakujisahihisha. Nikasikia karatasi ikifunuliwa, na daktari akiniuliza mimi, wala si Lorna: ameelewa? Ningejibu ndiyo, kazi ingekuwa yangu, na kesho kutwa tungeongea uani kama kawaida. Lakini hasira ilinipanda. Mtu aliyenitetea nisifukuzwe, aweke sahihi juu ya uongo, na uongo wenyewe upite kinywani mwangu?

"Tata," nikasema kwa Ekegusii, yaani baba, macho yangu ukutani, "hujaambiwa ukweli."

Nikamwambia. Ningeweza kuzunguka kwa mafumbo, lakini mafumbo ndiyo yaliyokuwa yametufikisha pale. Nilitaja kila kitu kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika, mimi, mke wa mwanawe. Nilipomaliza nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

Alipona. Barua ya ajira ya kudumu ikatoka kabla hata siku zangu hazijaisha; daktari aliwaambia wakubwa kwamba mwingine angejibu ndiyo tu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumwonyesha barua ile. Mzee alipoanza tena kutoka na ng'ombe, nilisimama uani nayo mkononi. Ng'ombe wakapita njia ya chini, ya mtoni. Kesho yake vivyo hivyo, na wiki tatu nzima.

Zamani angechinjwa mbuzi, wazee wakatutakasa, yakaisha. Lakini Mzee Mogire ni mzee wa kanisa, hawezi kurudia mambo ya mbuzi, na kanisa halina ombi la shida kama hii. Nilimwuliza mchungaji. Akaniambia nisome Zaburi. Nilizisoma, na nililia, na usiku nilizungumza peke yangu kwa Kiitaliano nikipika, kwa sababu Ekegusii kilikuwa kinaniuma.

Jumapili moja Lorna alikuja kukitazama kidonda cha mzee, nami nikamfuata hadi uani kwa mzee. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Kati yetu zilikuwa hatua tatu. Hakuniangalia.

"Mwambie mkamwana wangu," akamwambia Lorna, "kwamba nimepona."

Lorna alinitazama, akachanganyikiwa. "Anasema amepona," akaniambia, kwa Ekegusii kile kile nilichokuwa nimekisikia.

"Mwambie alifanya vyema. Ningekuwa kaburini, au ningekuwa mtu aliyedanganywa. Mwambie nimesikia habari za barua yake, na nimefurahi."

Lorna akayarudia yote, neno kwa neno.

"Mwulize," nikamwambia, "kama atapita tena upande wa migomba."

Lorna akamwuliza. Mzee aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mwambie hapana. Mwambie si chuki. Nikisikia sauti yake, nasikia lile neno."

Lorna akanigeukia, machozi yakimlengalenga. Nikamwambia asihangaike, nimesikia. Nikamwomba amwambie mzee kwamba nashukuru kwa shamba, kisha nikarudi kwangu kuchuma chai kabla jua halijawa kali.