Nafasi Ukingoni mwa Paa

Dada mhariri aliweka kikombe cha chai mbali na kompyuta, akafungua tena kipande cha filamu cha kule juu ya paa. Ilikuwa filamu ya kusisimua, iliyotengenezwa kwa michango ya marafiki: mtu anakimbizwa na wauaji, anafika juu ya ghorofa, anaruka. Aliyeruka alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Mwepesi. Walipomfikia pale chini alikuwa ameshakata roho.

Tangu wamzike, Mwepesi wa kwenye kompyuta alikuwa ameacha kuruka. Alikimbia vizuri tu mpaka ukingoni, akasimama, akahema, kisha akakaa kitako na kuning'iniza miguu.

"Dada, kamba haijafungwa," alisema.

"Najua, mdogo wangu."

Dada akairudisha picha mwanzo. Moyo ulimuuma kila alipoisikia sauti ile, na hakuwa tayari kuikosa.

Mchana alikuja mwongozaji, yule aliyewaambia watu msibani kwamba kijana aliteleza kwa papara zake mwenyewe. Akatazama, akaguna.

"Mwepesi, acha utani bwana. Ruka tumalize kazi."

"Nilikuuliza kamba, bosi. Ukasema itaonekana kwenye picha."

Mwongozaji akamgeukia mhariri. "Hiyo sauti ikate."

Akaikata. Mwepesi akayarudia yale yale, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.

"Basi tutampandisha mwingine," alisema mwongozaji. "Tamasha la filamu halitusubiri. Lile koti aliloruka nalo lipo?"

Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Mama yao alishalifua na kulitia kiraka kwenye kiwiko, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Mhariri alisimama mbele ya mlango. "Huyo mfungeni kamba, nakuomba. Nitaifuta mwenyewe kwenye kompyuta, picha moja moja, hata kama macho yatakwisha."

"Utatuchelewesha, dada yangu," alisema mwongozaji kwa upole, akampita na koti mkononi.

Mhariri alimpigia simu mara kadhaa. Haikupokelewa. Chai ikapoa, ikafanya utando juu.

Jua lilipoanza kuteremka, Mwepesi aligeuza shingo kama aliyesikia hatua nyuma yake. Akasogea kidogo, akaacha nafasi. Kijana mwingine akaja kukaa kando yake huku anahema, amevaa lile koti lenye kiraka. Lilikuwa linampwaya mabegani. Akaangalia huku chumbani, akamwona mwenye chumba.

"Shikamoo, dada."

Machozi yalimtoka mhariri, akashindwa hata kuyafuta.

"Marahaba, mdogo wangu," alijibu.

Simu yake ikaita. Alikuwa mwongozaji.

"Dada, huyu naye kateleza," alisema. "Mama anaweza kutufulia koti kabla ya kesho?"