Rangi ya Kucha Kwenye Altaneta

Gari la mkunga lilirudi gereji likivutwa kwa kamba, na mkunga mwenyewe akashuka amenuna mashavu yamevimba. Salamu hakutoa. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi umeme, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cheche, kwa sababu ya kazi yake ya nyaya na, tusifichane, kwa sababu ya ulimi wake.

"Dada, leo alfajiri nimezalisha mtu barabarani kwa tochi ya simu," mkunga alisema. "Simu yenyewe nimeing'ata kwa meno."

"Mungu wangu!"

"Usimwite Mungu, sikiliza kwanza. Taa zilififia, redio ikanyamaza, gari likazima njiani, na mwenye uchungu yuko kiti cha nyuma anapiga kelele. Tumepona chupuchupu. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini wewe uliniambia nini? Uliniambia hiki kidude ni kipya cha kwenye boksi! Na nina mwingine yuko mwezi wake, wakati wowote ananipigia. Nimjibu nini, nakuja kwa miguu?"

Mama Cheche alifunua boneti. Altaneta ile, kidude kinachozalisha umeme injini ikizunguka, aliifunga juzijuzi tu kwa mikono yake. Boksi zuri, nailoni haijachanwa. Tena hakuinunua kwa mpita njia. Aliinunua kwa shemeji yake, kaka wa mumewe, mwenye duka la spea sokoni. Sasa kama humwamini hata shemeji yako, utamwamini nani?

Alianza mwanzo, maana alichukia sana mafundi wanaobadilisha vifaa kwa kubahatisha. Akakagua vichwa vya betri, visafi. Mkanda umekaza. Akaufuata waya wa athi, ule unaorudisha umeme, mpaka kwenye bodi, mzima. Akaazima betri ya gari jingine, akawasha, akaweka mita. Umeme ukapanda vizuri kabisa, na mkunga akabetua midomo.

"Ngoja lipate moto," Mama Cheche alisema.

Akawasha taa kubwa, feni na waipa, akasubiri amekunja mikono. Injini ilipopata moto, mshale wa mita ukaanza kushuka polepole, kama mtu anayeteremka kitandani hataki kumwamsha mwenzake. Ndipo harufu ikatoka. Ilikuwa harufu ya vanishi iliyoungua, kali, ya kukwama kooni.

Akaitoa, akaipasua katikati juu ya meza. Loo! Nje inang'aa rangi ya fedha, ndani jalala. Shaba imeungua nyeusi tii, kisha imepakwa vanishi mbichi juu yake ili ifanane na mpya. Grisi ya zamani imeganda na mchanga, na ndani ya grisi kuna nywele na bawa la mende. Mtu amekaa chini na akili zake timamu, akapulizia uchafu huu rangi, akautia kwenye boksi.

"Ptuu!" Mama Cheche alitema mate pembeni. "Hata jalalani wangeikataa."

Alilowesha tambara kwa petroli, akasugua. Fedha ikaanza kutoka, ikashuka mezani kama makamasi. Akasugua mpaka chini ya puli, kile kigurudumu cha mkanda, na hapo mkono wake ukasimama. Kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo, ya rangi ya kucha, ambayo petroli haikuitoa.

"Nini tena?" mkunga akauliza.

"Hii ni ya kwangu."

"Ya kwako vipi?"

Mama Cheche alitoa kichupa mfukoni mwa ovaroli yake. Kifaa kilichokufa, alieleza, ukikiweka meza moja na kizima huwezi kuvitofautisha kwa macho. Kwa hiyo kila akikitoa kilichokufa hukitia nukta. "Nisije nikajisahau nikakirudisha ndani ya gari la mtu," alisema. "Kikishapata nukta, nakiingiza kwenye debe pale, basi, safari yake imekwisha."

Mkunga aliliangalia debe. Lilikuwa tupu. "Na debe anamwaga nani?"

Swali dogo tu, lakini Mama Cheche aliweka tambara chini. Debe alimwaga mumewe. Kila likijaa alilifuata, mwanamume wa watu, analibeba begani huku akisema hataki mkewe aumie mgongo. Majirani walikuwa wakimwonea wivu kwa mume kama yule. Naye alikuwa mpaka rangi wa mageti, kazi zimekuwa chache, siku hizi anashinda dukani kwa kaka yake anapaka madirisha. Hayo madirisha hayaishi? Asubuhi ileile alimwandalia mkewe chai, akamkabidhi kikombe, na Mama Cheche aliona rangi ya fedha kwenye kucha zake. Akainywa ile chai. Akasema asante.

Alikwenda nyuma ya gereji akaitapika yote.

Aliporudi, alikuwa amenawa uso. Aliziunganisha zile nusu mbili za takataka ile, akazikaza, akaiweka kwenye mfuko. "Gari lako litawaka leo," alimwambia mkunga. "Ila si kwa boksi la mtu yeyote. Ipo altaneta moja tu ninayoweza kuiapia."

Hiyo ilikuwa kwenye pikapu ya mumewe. Aliwahi kuifungua mwenyewe, akaitia beringi na burashi mpya, na injini ya pikapu ni aina moja na ya gari la mkunga. Walilivuta gari mpaka nyumbani kwa Mama Cheche. Mumewe alikuwa uani, amechuchumaa kwenye beseni, anasugua vidole kwa mchanga na sabuni.

"Mke wangu, mbona mapema leo?"

"Funguo za pikapu."

Alimpa, hana wasiwasi. Mama Cheche akafunua boneti, akaanza kulegeza nati, na mumewe akasogea amekodoa macho. "We, hiyo si yangu? Mimi nitaendesha nini?"

"Tulia. Yako ipo."

Akaihamishia ile nzima kwenye gari la mkunga. Akawasha, akaweka mita, akaliacha lipate moto sawasawa na taa zote zinawaka. Mshale haukuteremka. Mkunga akaingia, akashika usukani, uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza siku ile.

Kisha Mama Cheche akaufungua mfuko, akaitoa ile nyingine, akainama kwenye pikapu.

"Usinifungie hiyo!" mumewe aliruka. "Hiyo ni mbovu hiyo!"

Mkunga akatoa kichwa dirishani.

"Kumbe unajua," Mama Cheche alisema.

Mwanamume akatazama chini. "Kaka alisema zikisafishwa zinasogeza siku. Nilikuwa natafuta riziki tu, mke wangu. Sikujua..."

"Hukujua nini? Kwamba ndani ya magari mna watu?"

Mkunga hakusubiri jibu. Alimwangalia yule mwanamume tangu miguuni mpaka utosini, akasonya msonyo mrefu, akaondoa gari. Taa zake zilikuwa kali mpaka alipokata kona.

Walibaki wawili. Mumewe akajikohoza, akanyoosha mkono kumshika bega. "Basi tuingie ndani tuyazungumze. Yataisha. Hata sijala tangu asubuhi."

Mama Cheche aliutazama ule mkono, fedha bado imo kwenye kingo za kucha. Akaupokea, taratibu, akaushika kama alivyokuwa akiushika zamani, na mumewe akashusha pumzi akidhani amesamehewa. Mama Cheche akatoa kichupa mfukoni, akakifungua kwa meno, akamtia nukta nyekundu kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Ya nini hii?"

"Nisije nikajisahau nikakurudisha ndani," alisema, akaingia, akatia komeo.