Marehemu Harithishi

Mshonaji alikuwa akipinda suruali ya mteja pale marehemu alipoingia, akavua viatu mlangoni na kuuliza kama chai ipo. Ilikuwepo. Akammiminia na kumpa pole ya safari, maana mtu aliyezikwa wiki iliyopita lazima awe amechoka.

"Kaka yangu ameshafika?" marehemu aliuliza.

"Ameshafika. Amepima madirisha, aweke mapazia yake."

Walikuwa wameishi pamoja miaka na miaka bila ndoa. Marehemu, seremala, alitengeneza milango na paa ya nyumba yao. Matofali na mabati yalitoka kwenye cherehani ya mwanamke. Hati ya nyumba ilikuwa na jina moja, la mwanamume. Kila mshonaji alipotaja wosia, seremala alikuja juu: "Acha uchuro wewe! Unataka nife?" Basi wosia haukuandikwa, na kifo kikaja vilevile, bila kuitwa.

"Sasa siogopi tena," seremala alisema. "Twende nikaandike."

Wakili aliwapokea kwa heshima zote. Akampa seremala pole ya msiba wake mwenyewe, kisha akatikisa kichwa.

"Ungekuja ukiwa hai, ingekuwa kazi ya asubuhi moja tu. Marehemu harithishi, mzee wangu. Marehemu anarithiwa."

Kikao cha ukoo kikakaa sebuleni. Kaka mtu, ambaye miaka yote alimwita mshonaji shemeji, hasa chakula kikiwa mezani, siku hiyo alimwita dada yangu.

"Dada yangu tangu lini?" mshonaji aliuliza.

"Shemeji ni wa ndoa. Ndoa iko wapi?"

Seremala akagonga meza. "Nyumba ni yake! Nasema mimi, mwenyewe!"

"Tumekusikia, ndugu yetu," kaka mtu alijibu kwa upole. "Pumzika. Mambo yako tunayashughulikia sisi."

Mshonaji akapakia cherehani kwenye mkokoteni. Seremala akainuka amfuate. Wakamshika mkono: aende wapi, na hapa ni kwake? Damu haifukuzwi. Wakamtandikia chumba cha mbele, chenye hewa. Naye, mtu wa haya tangu zamani, akashindwa kuwakatalia ndugu zake. Akaketi kitandani, akainamisha kichwa.

Mshonaji akauliza kama ataruhusiwa kuja kumwona.

"Karibu sana, dada," kaka mtu alisema, akimfungulia mlango atoke. "Ila ukija, piga hodi."