Siu Mai za Yuk-Sim

Madaktari walimpa Yuk-Sim ruhusa ya kutoka hospitali mchana mmoja, naye akatupigia simu. "Njooni Sham Shui Po, mtaa wetu wa zamani. Nina hamu ya siu mai." Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, saratani ilikuwa imemkaba koo.

Mimi na Lai-Kuen tulimkuta ameegemea nguzo karibu na kibanda cha siu mai, shingo kaizungushia skafu na joto lote lile. Zamani tulishona mashati pamoja kiwandani, na kila jioni tulisimama hapo tukala vile vidonge vya samaki vya mvuke, chakula cha bei ya kutupa.

"Shoga, umekonda!" Lai-Kuen akamwambia.

"Si nimekuachia wewe uninenepee."

Tulicheka. Muuzaji akatupatia siu mai kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na vijiti, akamimina mchuzi wa soya na pilipili. Yuk-Sim akadunga kidonge kimoja kwa kijiti, akakitia mdomoni, akatafuna huku amefumba macho. Alitafuna muda mrefu. Alipojaribu kumeza, mwili mzima ulimkakamaa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akatema chote kwenye kitambaa.

"Zimeharibika?" muuzaji akauliza.

"Tamu mno, baba," Yuk-Sim akamjibu. Kisha akatugeukia. "Kuleni nyinyi, nione mtu anameza."

"Acha mambo yako," nikasema.

"Kula, bwana! Nimekuja kwa miguu yangu."

Basi tukala. Yeye alitukodolea macho kooni, kama mtoto anayetazama wenzake wakicheza. Sijawahi kula kitu kigumu kushuka kama kile.

"Asubuhi madaktari wameniambia wanaacha kunipa dawa," akasema ghafla.

Lai-Kuen akadakia, "Tutatafuta daktari mwingine! Binamu yangu kule Guangzhou—"

"Kuen. Wewe kula tu."

Mfuko ulipokwisha tulimrudisha kwa teksi. Mlangoni mwa wodi alitushika mikono, akaiachia upesi, akaingia.

Wiki ile ile hata mate yakamshinda, na kabla ya msimu wa mvua kuisha tukamzika. Lai-Kuen aliahidi tungeonana kila Jumapili. Sasa nikimpigia ana shughuli; akinipigia, mimi naiacha simu iite.