Diski Mpya ya Mkunga

Kompyuta ya Mkunga ilikuwa na miaka kumi na miwili, na kuiwasha ilikuwa safari. Alikuwa akibonyeza kitufe anaenda zake. Ataosha vyombo, ataanika nguo, atawawekea kuku maji na kugombana nao kidogo, na akirudi ndiyo kwanza inapiga miayo. Miguu yake ilikwisha kuzoea. Kidole kikibonyeza, miguu inaondoka bila kuulizwa.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na kitabu. Mkunga alistaafu baada ya kuzalisha kwa miaka thelathini na minane, na kwa miaka sita alikuwa akiandika kile ambacho mikono yake ilikijua na masomo ya darasani hayakukitaja. Chuo cha wauguzi kilikubali kukichapa, mradi kifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Kikichelewa, mpaka mwakani.

"Na mwakani hawa wanafunzi watakuwa wodini tayari, wanavuta watoto kama wanang'oa mihogo," alisema.

Kitabu hakikuwa mahali pengine popote. Jumatatu, kompyuta ikaanza kugota kwa ndani: ko, ko, ko.

"Mama, tupa hiyo," alisema binti yake, karani wa bima. "Nitakununulia nyingine."

"Na magoti yangu yakianza kulia, mtanitupa?"

"Wewe hatukuwezi. Tutakutupa asubuhi, jioni umerudi na maneno."

Siku ya pili yake Mkunga aliipakata kompyuta mpaka kwa fundi, kwenye kijiduka kilichobanwa kati ya mshona viatu na mpiga chapa. Fundi huyo watu walimwita Kimya, kwa sababu akishika bisibisi hasemi, hata ukimwambia duka linaungua. Alitega sikio juu ya mashine kwa muda.

"Diski inakata roho, Mama. Mwili wake mzima. Tukimpa diski mpya, hii ya siku hizi isiyozunguka, atakimbia."

"Kuna kitabu humo ndani."

"Basi kwanza tunatoa kilichomo. Kufungua baadaye."

Mkunga akavuta stuli akakaa. Alikuwa amefundisha wasichana zaidi ya mia mbili, na alijua kumpima mtu kwa mikono yake kabla hajafungua mdomo. Kimya aliiunganisha diski mpya kwa waya, akaanza kunakili. Ilichukua saa nne. Hakuitingisha mashine wala hakuipiga kofi. Mteja mmoja alipotaka kuegemea meza, alimsogeza kwa kiwiko bila kumtazama.

Kunakili kulipokwisha alinawa mikono, akaikausha vizuri, akagusa mguu wa chuma wa meza ili umeme wa mwilini umtoke. Halafu akachukua karatasi, akachora tumbo la kompyuta. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye mchoro, mahali pake palepale.

"Unazichora za nini? Si skrubu tu?" Mkunga aliuliza.

Kimya hakujibu mpaka ya kumi na moja ilipotoka. "Hazilingani urefu. Ndefu ikiingia penye fupi, inatoboa ubao wa umeme."

Mkunga aliwakumbuka wanafunzi wake walioweza kupanga vifaa namna hiyo, kila kimoja mahali pake kabla mama hajaanza kusukuma. Walikuwa saba. Labda wanane.

Diski mpya ilikuwa nyepesi kama biskuti. Kimya aliilaza mahali pake, akaufunga mfuniko, akabonyeza kitufe. Mkunga akaanza kuhesabu kwa midomo, kama anavyohesabu mapigo ya moyo wa mtoto. Alipofika kumi na nne, kitabu chake kilikuwa kimefunguka kwenye kioo.

"Kumi na nne! Fundi, hata mtoto wa sita hatoki upesi hivyo!"

Kimya alitabasamu tu.

Alhamisi asubuhi, nyumbani, Mkunga aliketi apitie sura ya mwisho kisha aitume. Akabonyeza kitufe. Miguu ikaondoka. Alianika nguo, akawapa kuku maji, akasema nao, akarudi. Kioo kilikuwa cheusi, hata taa moja hakuna.

Angekuwa hajaiona ikiwaka kwa hesabu ya kumi na nne, angesubiri. Lakini aliiona. Hii ilikuwa imekufa.

Hakuigusa tena. Miaka yote hiyo ilimfundisha kwamba aliyezimia hatikiswi. Aliifunga kwenye taulo, akaenda nayo mbio kwa Kimya.

"Umeiua!" alisema mlangoni. "Kesho saa sita! Umeniulia kitabu!"

Kimya alisimama. Kabla ya kuishika kompyuta alivuta droo, akatoa bahasha yenye tarehe na maneno "Mama Mkunga" juu yake, akaiweka mezani. Ndani yake mlikuwa na diski ya zamani.

"Sifuti diski ya mtu mpaka mwezi upite. Inagota, lakini kitabu bado kimo. Kaa, Mama. Kitabu hakijafa."

Mkunga akakaa.

"Sasa nieleze tangu mwanzo. Ulifanya nini?"

"Niliiwasha."

"Halafu?"

"Nikaenda kuanika nguo."

"Kwa nini ulienda kuanika nguo?"

"Si ndiyo inawaka..." Akaitazama miguu yake.

Kimya alifunua kompyuta, akagusa kitufe mara moja tu. Sura ya mwisho ikatokea, na kishale chake kinapepesa.

"Ilikusubiri, ikachoka, ikalala. Niliipangia ilale baada ya dakika tano ili betri yake isiteseke. Nilipaswa kukwambia. Kosa langu, nakaa kimya mno."

"Na mimi nasema mno, mwanangu. Tumegawana." Mkunga alijifuta macho kwa taulo la kompyuta. "Lakini hilo swali lako! Unamuuliza mgonjwa kabla ya kumshika. Hilo nimelifundisha miaka yote, na madaktari wazima hawalijui."

Mshona viatu alikuwa amekuja mlangoni kusikiliza ugomvi. Alipoona umekwisha, alirudi kwenye soli zake kwa masikitiko.

Sura ya mwisho Mkunga aliisomea papo hapo, kwenye kona ya meza. Kimya alimwekea taa karibu, akaendelea na kazi ya mtu mwingine. Saa tisa na nusu alituma, akakaa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili.

Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini. Alimgeuzia Kimya kioo.

"Nisomee wewe, miwani imeingia ukungu."

"Tumepokea, Mama. Kurasa mia mbili na kumi na nne. Mtambo wa kuchapa unaanza kesho."

"Mia mbili na ngapi?"

"Na kumi na nne."

"Zote hizo," alisema Mkunga. "Rudia kidogo."

Kimya alilaza bisibisi chini, akarudia.